Maji Haya Yanakwenda Wapi? Somo la Kuchora Mabonde ya Mito kwa Kompyuta



Kati ya mwaka 2016 na 2018, katika usharika mmoja wa milimani wilayani Lushoto, tulipanda miti kwa misimu mitatu mfululizo. Nia ilikuwa kulinda chemchemi inayotumiwa na watu wa mitaa miwili. Vijana walichimba mashimo, akina mama walimwagilia wakati wa kiangazi, na watoto wa Shule ya Jumapili walibeba miche kichwani. Miti ilishika vizuri. Tuliandika ripoti kwa wafadhili, tukaambatanisha picha, tukasema kwamba chanzo cha maji kimehifadhiwa.

Mwaka 2019 tulichora ramani ya eneo hilo kwa kompyuta kwa mara ya kwanza. Ramani ikaonyesha kwamba mvua inayonyesha kwenye mteremko tulioupanda haielekei kwenye chemchemi ile. Inateremka upande wa pili wa mlima, inaingia katika vijito vya Mto Umba, na safari yake inaishia baharini nchini Kenya. Mteremko unaolisha chemchemi yetu ulikuwa ng'ambo ya njia. Huko hatukuwa tumepanda hata mti mmoja.

Tunaandika somo hili ili kamati za sharika nyingine zisirudie kosa hilo, na ili wafadhili wetu wajue tulichojifunza kwa fedha zao. Ni somo la ramani, lakini msingi wake ni swali moja ambalo kila kamati inaweza kuuliza kabla ya kutumia shilingi yoyote: maji haya yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

BONDE LA MAJI NI NINI?

Tutazame nyumba ya bati wakati wa mvua. Mvua ni moja na paa ni moja, lakini pale juu kwenye mgongo wa paa maji hugawanyika. Tone lililoangukia upande wa mbele huteremkia mfereji wa mbele, na lililoangukia upande wa nyuma huenda nyuma. Mwenye nyumba akiweka pipa mbele, hata akisafisha bati za nyuma kila siku, pipa lake halitafaidika.

Ndivyo ilivyo milima yetu. Bonde la maji, au kidakio, ni eneo lote ambalo mvua yake huteremka hadi sehemu moja tunayoitaja, iwe ni chemchemi, daraja, bwawa au mdomo wa mto baharini. Mpaka wa bonde ni mgongo wa mlima. Mpaka huo haufuati mipaka ya kijiji, ya kata wala ya usharika. Pia mabonde yamo ndani ya mabonde: kidakio cha chemchemi kimo ndani ya bonde la kijito, na bonde la kijito limo ndani ya bonde la mto mkubwa.

MABONDE YA ENEO LETU

Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde makuu tisa kwa ajili ya usimamizi wa maji. Bonde la Pangani lilikuwa la kwanza kupata ofisi yake, mwaka 1991. Leo ofisi hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi. Jina hilo lisituchanganye. Bodi husimamia Mto Pangani pamoja na mito mingine inayokwenda baharini yenyewe, yaani Umba, Zigi na Msangazi.

Mto Pangani huanzia mbali na sisi. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukusanya maji ya Meru, Kilimanjaro na Upare wa Kaskazini na kukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto unashuka hadi Korogwe. Njiani unapokea Mto Mkomazi, unaobeba pia maji ya Soni kutoka Lushoto, kisha Mto Luengera, unaopita kati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani Falls, ndipo yanapofika mji wa Pangani. Maji matamu yakipungua juu, maji ya chumvi hupanda mtoni kutoka baharini, na mkulima wa minazi aliye chini anaona athari ya kitu kilichofanyika mamia ya kilomita kutoka kwake.

Mto Umba huanzia Usambara Magharibi, katika milima ya Shagayu na upande wa Mlalo. Unashuka kwenye tambarare za Mkinga, unavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Mto Zigi huanzia misitu ya Amani, Usambara Mashariki, hujaza bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanayonywewa na watu wa Jiji la Tanga. Msangazi hupita kusini, upande wa Handeni na Pangani. Sehemu ya maji ya Kilindi na Handeni hayaendi katika mito hii hata kidogo, bali huteremkia Mto Wami. Sharika za huko zikitaka kibali cha kutumia maji, huenda zikahitaji kwenda Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro, wala si Moshi.

Miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu walipoingia Sakale, katika Usambara Mashariki, hofu ya tope na zebaki haikuwa ya watu wa Sakale peke yao. Mwumini anayefungua bomba mjini Tanga alikuwa na haki ya kuuliza kinachoendelea huko juu. Wengi hawakuuliza, kwa sababu hawakujua kwamba maji yao yanatoka huko.

KOMPYUTA INACHORAJE BONDE?

Zamani bonde lilichorwa kwa mkono juu ya ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000, kwa kufuata mistari ya mwinuko. Kazi hiyo bado ni nzuri, na kamati yenye karatasi hiyo isiitupe. Kompyuta hufanya kazi ileile kwa haraka.

Mwezi Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa ardhi kwa rada. Kazi hiyo inajulikana kwa kifupi cha SRTM. Nchi yetu yote ilipimwa. Kwa miaka mingi vipimo vilivyotolewa bure kwa Afrika vilikuwa vya viraba vyenye upande wa mita 90, yaani kila kiraba ni kama ekari mbili. Mwaka 2014 vilitolewa vya takribani mita 30, ambapo kiraba kimoja ni chini ya robo ekari. Kila kiraba kina namba moja tu, nayo ni mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Programu ya kuzisoma namba hizo, kama QGIS, nayo hupatikana bure. Kinachohitajika ni kompyuta ya kawaida, umeme, na kijana aliyefundishwa.

Kazi ina hatua nne.

Kwanza, kuziba mashimo ya uongo. Vipimo vina makosa madogo, na kiraba kimoja kinaweza kuonekana kama shimo mahali ambapo hakuna shimo. Kompyuta huyajaza, la sivyo maji yangekwama humo.

Pili, kutafuta mwelekeo. Kila kiraba kina majirani wanane. Kompyuta huuliza ni jirani yupi ambaye mteremko wa kumfikia ni mkali zaidi. Maji ya kiraba hupewa njia hiyo.

Tatu, kuhesabu. Kompyuta huhesabu viraba vingapi vinamwaga maji yao katika kila kiraba. Kiraba cha mgongoni hakipokei kutoka popote. Kiraba cha bondeni hupokea kutoka maelfu. Viraba vyenye hesabu kubwa vikiunganishwa, mito hujichora yenyewe.

Nne, kuchagua mlango wa bonde. Tunakwenda kwenye chemchemi au daraja na kifaa cha GPS, tunachukua namba za mahali hapo na kuziingiza. Kompyuta hurudi nyuma kutoka hapo, ikikusanya kila kiraba kinachomwaga maji mahali hapo. Mstari unaozunguka viraba hivyo ndio mpaka wa kidakio.

Kidakio cha chemchemi yetu kilikuwa na viraba 180, yaani kama ekari 40. Kwa miaka mitatu tulisema tunalinda mlima, kumbe tulichopaswa kuangalia ni ekari 40 zenye wenyewe wanaojulikana kwa majina.

MAHALI AMBAPO RAMANI HUKOSEA

Tusiichukue ramani ya kompyuta kama neno la mwisho. Tumejifunza makosa yake matano.

La kwanza ni miti. Rada ya mwaka 2000 haikupenya majani yote hadi ardhini. Penye msitu mnene, kama Amani, au penye mikoko, kama mdomo wa Pangani, mwinuko unaoonyeshwa uko juu ya ule wa ardhi yenyewe.

La pili ni tambarare. Milimani tofauti ya mwinuko ni kubwa na ramani huwa nzuri. Pwani, ambapo ardhi hushuka kidogo sana kwa mwendo mrefu, kosa la mita chache linatosha kuhamisha mto. Ukiona kijito kimechorwa kama mstari ulionyooka kwa rula, jua kompyuta imebahatisha.

La tatu ni maji ya chini ya ardhi. Ramani huonyesha njia ya maji yanayotiririka juu. Chemchemi hulishwa na maji yaliyozama, ambayo mara nyingi hufuata mteremko huohuo, lakini si lazima. Penye mawe ya chokaa, kama eneo la mapango ya Amboni karibu na Tanga, maji huweza kuzama hapa na kutokea pengine kabisa.

La nne ni kazi ya mikono ya watu. Mifereji ya asili ya Usambara, ndiva za Upare, makalvati ya barabara na mabomba huhamisha maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Setilaiti na rada haziyaoni hayo.

La tano ni mlango kuwekwa vibaya. Alama ya chemchemi ikikosea kwa viraba viwili tu na kuangukia nje ya mkondo, kompyuta itachora kidakio kidogo kama uwanja wa mpira, na asiyejua atakiamini.

Dawa ya makosa haya yote ni moja: kutembea. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika, wakatembea na simu wakichora mitaro, mito na nyumba. Walifanya hivyo kwa sababu hakuna chombo cha angani ambacho kingewaambia mtaro upi umeziba na taka.

TULIVYORUDI KWENYE CHEMCHEMI

Tulipopata ramani yetu hatukuitangaza mara moja. Tuliichapisha kwenye karatasi kubwa, tukamwendea mzee mmoja aliyezaliwa karibu na chemchemi, tukatembea naye kufuata mgongo wa mlima tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alisimama pale njiani, akaonyesha kwa fimbo. Upande huu, alisema, ni maji ya Wadigo, yanakwenda kwao chini. Upande ule ni maji yetu. Babu zake walisema hivyo.

Tulimwuliza, "Mzee, mbona hukutuambia tulipokuwa tunapanda?"

Akajibu, "Wanangu, hamkuniuliza. Mlikuja na miche tayari. Nikadhani mnataka mbao."

Wapendwa, maneno hayo yalituingia. Tulikuwa tumepanda kwenye ule mteremko kwa sababu ulikuwa ardhi ya kanisa, ulikuwa wazi, na ulionekana vizuri kwenye picha. Hatukuuchagua kwa sababu ya maji. Kompyuta ilituambia mwaka 2019 jambo ambalo mzee yule angetuambia mwaka 2016 kwa kikombe cha chai. Mzee naye alitusaidia kusahihisha ramani: alituonyesha mfereji wa zamani unaokata mgongo wa mlima na kuhamisha maji ya kijito kimoja wakati wa masika. Kwenye kompyuta haukuwepo.

Tuliwaandikia wafadhili wetu barua ya kusahihisha ripoti. Haikuwa barua rahisi. Miti ile haikupotea bure, maana inashika udongo usiingie Umba, na walio chini wanafaidika hata kama hawatujui. Lakini haikuwa kazi tuliyosema tumeifanya, na ukweli ulipaswa kuandikwa.

Kisha tukaenda kwenye zile ekari 40. Zilikuwa mashamba ya familia saba za kijiji jirani, wanaolima viazi na kabichi kwenye mteremko. Wengi wao ni Waislamu. Hawanywi maji ya chemchemi ile, kwa sababu nyumba zao ziko upande wa pili. Tulikaa nao chini ya uenyekiti wa serikali ya kijiji, imamu na mwinjilisti wakiwepo. Ramani iliwekwa mezani, na kila mmoja akaonyesha shamba lake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto. Tungeweza kuanza na sheria. Lakini mama mmoja mjane, ambaye shamba lake lote ni nusu ekari na liko karibu kabisa na chemchemi, aliuliza: "Mkinichukulia hapo, watoto wangu watakula miti?" Hakuna aliyekuwa na jibu siku ile.

Mpaka sasa familia tano zimekubali kuchimba makinga maji na kupanda majani ya gwatemala kwenye kingo zake, njia ambayo Lushoto inaifahamu tangu mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981. Mitaa miwili inayokunywa maji ilitoa nguvu kazi na vipando. Mama yule ameacha ukanda mwembamba upande wa chemchemi, na majani anayokata ni chakula cha mbuzi wake. Familia ya saba bado haijakubali, na hatuwalazimishi. Mikaratusi michache iliyokuwa karibu na chemchemi imekatwa kwa makubaliano. Hatusemi kwamba maji yameongezeka. Tunapima kila mwezi, lakini miaka michache ya vipimo haitoshi kuthibitisha.

HATUA SITA KWA KAMATI YA USHARIKA

1. Pimeni chemchemi mwisho wa kiangazi, msipime masika peke yake. Chukueni ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa lita 43,200 kwa siku. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, maji hayo yanatosha watu 1,728. Lakini mwisho wa kiangazi ndoo hiyo ikichukua dakika mbili, ni lita 14,400 tu, za watu 576. Mradi wa bomba upangwe kwa hesabu ndogo.

2. Chukueni namba za GPS za chemchemi, zenye kuhakikiwa zaidi ya mara moja. Andikeni pia tarehe na jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita.

3. Ombeni ramani ya kidakio. Ofisi ya miradi ya dayosisi inaweza kuichora. Zipo pia ramani za mabonde za dunia nzima zilizokwisha tayarishwa kutokana na vipimo vya SRTM, kama zile za HydroSHEDS, lakini hizo zinafaa kwa Pangani nzima au Umba nzima. Kwa chemchemi ya usharika hazitoshi.

4. Tembeeni mpaka wote wa kidakio, mkiwa na wazee, wanawake wanaochota maji, na wakulima wenye mashamba humo. Kila mahali ramani inapotofautiana na wanachosema, simameni na mtazame kwa macho. Rekebisheni ramani.

5. Andikeni majina ya wote wanaoguswa: walio juu ambao mashamba yao yanalisha chanzo, na walio chini ambao walikuwa wanatumia maji kabla ya bomba lenu. Kaeni nao kupitia serikali ya kijiji, pamoja na waumini wa dini nyingine. Isaka na watumishi wake walichimba visima viwili vikaleta ugomvi, na wakahama kabla ya kupata cha tatu chenye amani (Mwanzo 26). Sisi hatuna pa kuhamia, kwa hiyo tuongee kabla ya kuchimba.

6. Ombeni kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Bonde, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavyotaka, na mwulize kama kuna Jumuiya ya Watumiaji Maji katika eneo lenu. Kama ipo, jiungeni nayo.

Tunasisitiza hatua ya nne na ya tano. Kamati nyingi hufurahia ramani yenye rangi na kuitundika ofisini. Ramani ambayo haijatembelewa inaweza kuleta madhara kuliko kutokuwa na ramani, kwa sababu watu huiogopa na kuacha kusema wanachokijua.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mnaotuunga mkono, kwa miaka mingi mmetuuliza tumepanda miche mingapi. Ni swali jema, na tumelijibu kwa uaminifu. Tunaomba sasa mtuulize kwanza imepandwa wapi, na maji ya mahali hapo yanakwenda kwa nani. Mkituuliza hivyo, nasi tutalazimika kujua.

Tunaomba pia kwamba kila mradi wa maji uwe na fungu dogo la uchunguzi kabla ya ujenzi: siku za kutembea, nauli, chakula cha wazee wanaotembea nasi, na kuchapisha ramani. Fungu hilo halina picha nzuri, lakini tumeona gharama ya kulikosa.

Jambo la tatu ni gumu zaidi. Mkulima wa juu akiombwa aache sehemu ya shamba kwa faida ya anayekunywa chini, mzigo ni wake na faida ni ya mwingine. Katika bonde la Zigi, wakulima wana umoja wao uitwao UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imeshirikiana nao katika kulinda chanzo cha maji ya jiji. Sharika za mjini zinaweza kujifunza hapo. Si lazima kila msaada utoke ng'ambo. Usharika wa Tanga mjini unaokunywa maji ya Amani unaweza kuwa mfadhili wa mkulima wa Amani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Maji tunayokunywa kanisani na majumbani mwetu yanatoka katika mto au chemchemi gani? Nani analima juu yake?

2. Maji yanayotoka katika eneo letu yanakwenda kwa nani? Je, tumewahi kuwasikia?

3. Miti tuliyopanda miaka mitano iliyopita iko katika kidakio cha chanzo gani? Tulichagua mahali pale kwa sababu gani?

4. Ni nani katika usharika au kijiji chetu anayejua njia za maji za zamani, na je, kuna aliyemwuliza?

5. Kama tungekutana na mama yule mwenye nusu ekari, tungempa jibu gani?

Kamati itakayopenda kuchorewa kidakio chake ilete maombi kupitia kwa Mchungaji wa usharika, pamoja na vipimo vya ndoo vya mwisho wa kiangazi na jina la mzee mmoja aliye tayari kutembea nasi. Tutaanza na walio na vyote viwili.

Bwana aliyetupa milima na mvua atupe pia masikio ya kuwasikiliza walio juu yetu na walio chini yetu. Amina.